Flukonazo imegoma, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi dokta. Kila fangasi wa ukeni wakirudi nilikuwa nameza flukonazo ya miligramu 150 wanaisha. Safari hii nimemeza mara mbili muwasho uko palepale, nikaweka na klotrimazo nayo hola. Ni dawa feki au mwili umeshazoea?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Pole sana dada yangu. Mwili wako haujazoea kitu, anayezoea ni fangasi mwenyewe. Huyu Candida ni wa ukoo wa hamira, na kwenye utando wa seli yake ana protini zinazofanya kazi ya pampu, zinazojulikana zaidi ni Cdr1 na Mdr1, yani flukonazo ikiingia zinaitoa nje fasta kama mabaharia wanavyokumba maji chomboni, kwaiyo inayobaki ndani haitoshi kumzuia asitengeneze egosteroli, yale mafuta anayojengea utando wake. Na flukonazo haimuui, inamzuia tu asizaliane, ndo maana wale wachache wenye pampu nyingi wanabaki na kuendeleza ukoo.

Kikawaida pampu huwa chache, ila badiliko dogo tu kwenye jeni inayoitwa TAC1 linaweza kufanya Cdr1 itengenezwe muda wote bila breki. Maabara wanawanyima fangasi chakula, wanawajaza rangi inayong'aa ya rodamini, halafu wanawapa glukosi, na baada ya muda mfupi ile rangi inaonekana nje kwenye maji, maana Cdr1 inatumia nishati na fangasi mwenye njaa hawezi kuisukuma. Mi hilo jaribio linanishangaza mpaka leo.

Klotrimazo nayo ni azoli, ndugu wa flukonazo, Cdr1 inazitoa zote mbili. Nistatini ni kundi lingine, inashika egosteroli palepale kwenye utando, pampu hizi haziiwezi. Kuna na aina nyingine ya fangasi, Candida glabrata, huyo flukonazo haimtishi sana tangu mwanzo.

Ila usikimbilie duka la dawa tena, tafadhali. Muwasho sio lazima iwe fangasi, inaweza kuwa bakteria au kijidudu kinachoitwa trikomona, kwaiyo nenda hospitali wachukue sampuli waioteshe wajue ni aina gani na dawa ipi inamuweza, wakupime na sukari, na kama una ujauzito waambie kabla hawajakuandikia kidonge chochote.