Wasomaji Wanauliza: Aliyezoea Ziwa Anapokwenda Atlantiki

SWALI: Nimekulia Ujiji na naogelea Ziwa Tanganyika tangu utotoni. Desemba namfuata kaka yangu Cape Town. Ameahidi kunipeleka Clifton kuogelea na Muizenberg kujifunza kuteleza kwenye mawimbi kwa ubao. Je, ninachokijua kinatosha?
Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Pumzi na mikono unayo, ndugu yetu. Kinachobaki ni kuyasoma maji, na hilo lina uzito kuliko nguvu.

Kwanza baridi. Umezoea maji ya nyuzi 25 hivi. Clifton, hata Desemba ambapo kwao ni kiangazi, yanaweza kushuka hadi nyuzi 12, kwa sababu upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya juu kwenda bahari kuu, na ya kilindini hupanda kushika nafasi. Jua liwe kali namna gani, siku ya upepo huo usijirushe kwa mbizi: baridi ya ghafla hukufanya uvute pumzi bila kutaka, na kichwa kikiwa chini utavuta maji. Ingia polepole, lowesha shingo na uso, simama maji ya kiunoni dakika 2 au 3 mpaka pumzi itulie. Vidole vikianza kulegea, toka.

Linaloua zaidi ni mkondo wa kurudi. Mawimbi hurundika maji ufukoni, na maji hayo hurudi baharini kwa kasi kupitia mkondo mwembamba. Utautambua kwa ukanda wenye rangi iliyokoza, mawimbi hayavunjiki hapo, na povu au mchanga unaelekea nje. Kwa kuwa unaonekana shwari, wageni huuchagua! Ukikubeba, usishindane nao kurudi moja kwa moja. Wanaozama wengi huwa wamechoka kwa kushindana. Elea chali, inua mkono, ita msaada. Ukiwa na nguvu, ogelea sambamba na ufuko hadi mawimbi yanapovunjika, kisha urudi kwa mshazari. Kabla ya safari, fanya zoezi hapo Katonga, kwenye ziwa lenu, mwenzako akiwa karibu: elea chali dakika 5 bila kukanyaga chini.

Ogelea kati ya bendera za nyekundu na njano, walipo waokoaji. Muizenberg kuna pia walinzi wanaochunguza kama papa wanakaribia: bendera nyeupe yenye picha ya papa ikipandishwa na king'ora kikilia, toka mara moja.

Maji ya Muizenberg huwa na joto kidogo, na mawimbi yake humfaa anayeanza. Kodi ubao laini wa futi 8 au 9, na suti ya mpira yenye unene wa milimita 3. Funga kamba ya ubao kwenye mguu wa nyuma, yaani ule unaokaa nyuma unaposimama juu ya ubao. Ukianguka, anguka kwa ubapa, si kwa kichwa, kisha ibuka umekinga kichwa kwa mikono. Ubao usikae kamwe kati yako na wimbi linalokuja, utakupiga usoni.

SWALI: Asiyejua kuogelea anaweza kukodi kayaki baharini?
Msomaji, Tabora

JIBU: Awe na mwalimu, na jaketi la kuokolea lililofungwa vizuri: likivutwa mabegani lisifike masikioni. Upepo ukitoka nchi kavu kwenda baharini, asiingie kabisa. Karibu na ufuko maji yatakuwa tulivu, lakini kila hatua ya kwenda mbele upepo unaongezeka, na kurudi atakuwa anaupigia kasia usoni.