Maikrowevu Haioni Ulichoweka: Ushauri Wangu Kuhusu Programu za Kuyeyusha na Kupika

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiyeyusha nyama kwenye maikrowevu kwa kubonyeza kitufe chenye alama ya barafu, kisha naendelea na shughuli zangu mpaka mlio uniite. Siku moja niliweka mapaja manne ya kuku yaliyogandana kwenye mfuko mmoja. Nilipofungua mlango, ngozi ya pembeni ilikuwa imeshaiva, nyeupe na ngumu kama mpira, na maji ya nyama yamekaukia kwenye sahani. Nikajaribu kuyatenganisha kwa kisu, kikagota. Katikati palikuwa na bonge la barafu. Nilimtupa kuku yule, maana sikuweza kujua ni sehemu ipi imekaa vuguvugu na kwa muda gani. Kutupa chakula kunaniuma sana, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Jioni hiyohiyo nilikaa na kijitabu cha maelekezo nikakisoma chote. Nilichogundua ni kwamba programu nyingi za kuyeyusha ni hesabu tu. Unaiambia mashine aina ya chakula na uzito wake, nayo inapanga dakika na nguvu. Ukibonyeza gramu 500 wakati umeweka gramu 900, utapewa dakika za gramu 500. Tena hesabu yenyewe kwa kawaida inachukulia kwamba chakula kimetoka kwenye friza wakati huohuo, kwenye nyuzi 18 hivi chini ya sifuri. Kipande kilichokwisha kukaa mezani nusu saa kitapigwa moto kuliko kinavyostahili.

Kwa hiyo nunua mizani ndogo ya jikoni kabla ya kuilaumu mashine. Mimi sasa napima nyama kabla ya kuigandisha, bila chombo, na kuandika gramu kwa kalamu ya wino mzito juu ya mfuko. Siku ya kuyeyusha sina cha kukisia.

Sasa kwa nini pembeni huiva na katikati hubaki jiwe? Hili linafaa kueleweka vizuri, kwani ukilielewa mengine yote yanafuata. Mawimbi ya maikrowevu hupasha chakula hasa kwa kuzigeuzageuza molekuli za maji. Kwenye barafu molekuli hizo zimeshikana, hazina nafasi ya kugeuka, kwa hiyo mawimbi huipita barafu bila kuipa joto la maana. Lakini pembeni pakitokea unyevu kidogo tu, unyevu huo hunyonya nguvu kwa wingi, unapata moto, unayeyusha pa jirani, maji yanaongezeka, na joto linazidi kukimbilia palepale. Katikati panasubiri.

Ndiyo maana programu ya kuyeyusha hufanya kazi kwa vipindi. Simama karibu usikilize: mashine inanguruma sekunde chache, halafu mngurumo unashuka na unabaki sauti ya feni na sahani inayozunguka, kisha mngurumo unarudi. Kwa wastani nguvu inayotumika mara nyingi ni kama asilimia 30. Katika ule ukimya, joto la pembeni linapata muda wa kusafiri kuelekea ndani. (Mashine za inveta hupunguza nguvu bila kuzima, kwa hiyo huenda usisikie tofauti.) Tafadhali usiwe na haraka ukaongeza nguvu. Hapo ndipo kuku wengi huharibika.

Halafu kuna ule mlio wa katikati ya programu. Wengi huupuuza, na mashine nyingi huendelea zenyewe usipofungua mlango. Mlio ule unakuambia geuza. Pindua kipande, tenganisha vilivyoanza kuachana, na vilivyokwisha kulainika vitoe kabisa uviweke pembeni. Nyama ya kusaga naikwangua kwa uma: ile laini ya juu naiweka kwenye bakuli, bonge lililobaki linarudi ndani.

Hata hivyo, kazi kubwa hufanyika siku ya kugandisha. Mawimbi hupenya kwenye chakula sentimita chache tu, kwa hiyo bonge nene kama ngumi lina moyo usiofikiwa. Nyama ya kusaga naitia kwenye mfuko, naibana kwa viganja mpaka iwe bapa, unene wa sentimita 2 hivi, ndipo naigandisha ikiwa imelala. Mapaja nayapanga yasigusane. Wakati wa kuyeyusha, ondoa mfuko na trei ya povu, vipange vipande kwa duara kwenye ukingo wa sahani na uache katikati wazi, sehemu nene zikitazama nje.

Nasimamisha programu kabla barafu haijaisha yote. Kama ndani bado pana ugumu kidogo, naiacha nyama itulie dakika 5 mpaka 10, nayo inamalizia yenyewe. Kisha naipika papo hapo. Hapo sina mjadala: nyama iliyoyeyushwa kwenye maikrowevu ina sehemu zilizokwisha kupata joto, na bakteria huzaana haraka kati ya nyuzi 4 na 60. Usiirudishe kwenye friza ikiwa mbichi, wala usiiache hadi kesho.

Programu za kupika ziko za namna mbili. Kuna zinazotegemea uzito kama ile ya kuyeyusha, na kuna zenye kihisi kinachonusa mvuke. Hizi za kihisi nazipenda, lakini zina masharti. Kausha kuta za ndani na sehemu ya chini ya sahani, la sivyo kihisi kitauchukulia unyevu ule kuwa mvuke wa chakula. Funika chakula ukiacha upenyo mdogo. Na usifungue mlango mpaka dakika zianze kuonekana kwenye kioo. Ukifungua mapema, mvuke unatoka na hesabu inavurugika. Zikishaonekana, unaweza kufungua na kukoroga.

Viazi vya maganda vitoboe kwa uma pande zote kabla ya kubonyeza chochote, kwa sababu mvuke usipopata njia kiazi hupasuka. Yai na ganda lake lisiingie humo kabisa.

Mashine ikisema imemaliza, hakikisha mwenyewe. Kwa kuku natumia kipimajoto, nakichoma penye unene zaidi bila kugusa mfupa, na nataka nione nyuzi 74. Napima sehemu tatu, maana sehemu moja inaweza kuwa tayari na ya pili bado.

Kuku mzima nimeacha kumyeyusha kwenye maikrowevu. Mabawa na ncha za miguu huiva wakati kifua bado kimeganda, hata ukigeuza mara ngapi. Yeye namhamishia kwenye friji siku moja kabla, ndani ya bakuli pana la kukinga maji yake, chini kabisa asije akadondoshea vyakula vingine. Kwa kuku wa kilo 2, saa 24 hutosha. Nikisahau, namfunga kwenye mfuko usiopitisha maji, namzamisha kwenye maji baridi, na nabadilisha maji kila baada ya dakika 30.