Jibu: Simu ya intaneti dukani, sauti inakatika

Ndugu, umeuliza kama uongeze kifurushi kwa kuwa wateja wakipiga simu ya intaneti ya duka, sauti inakatika. Usilipe kwanza. Simu moja kwa kodeki ya G.711 (njia ya kugeuza sauti kuwa data) inakula kama kilobiti 90 kwa sekunde kila upande. Simu tatu hazifiki hata nusu megabiti. Mara nyingi tatizo ni foleni kwenye ruta: mtu akianza kupandisha video, sauti inakwama nyuma yake. Washa QoS, yaani mpangilio wa ruta wa kuamua data ipi itangulie, simu zipewe kipaumbele. Mimi nilihangaika miezi miwili, kumbe kamera ya ulinzi ilikuwa inatuma picha usiku na mchana! Na ruta iwekee UPS (betri ya akiba), tafadhali. Umeme ukikatika, na simu imekatika.