Kabla ya Kulipia Kipimo cha Kisasa cha Macho

Mtu anayeishi na presha ya macho, ambayo madaktari huiita glaukoma, huulizwa mengi na ndugu na majirani, na swali ninaloulizwa mimi mara nyingi ni hili: hapa Dar es Salaam, hospitali gani ina mashine za kisasa kuliko nyingine? Huwa silijibu kama lilivyoulizwa. Miaka ya kuhudhuria kliniki imenionyesha kwamba mashine ileile inaweza kumwokolea mtu mmoja macho yake na kumlia mwingine fedha bure. Ninachowaambia wanaoniuliza ni kwamba, kabla ya kulipa, wamuulize daktari kipimo kinatafuta nini na majibu yake yatalinganishwa na nini.

Ugonjwa huu, katika aina yake iliyoenea zaidi kwetu, hauumi. Huua polepole nyuzi za mshipa wa fahamu unaopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo, na kwa kawaida huanza kumega pembezoni mwa eneo tunaloliona. Kwa kuwa jicho moja hufidia upungufu wa lingine, mgonjwa anaweza kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuona huku bado anasoma gazeti na kumtambua mtu aliye ng'ambo ya barabara. Kilichokwisha kupotea hakirudi, hata kwa upasuaji. Ndiyo maana vipimo vina kazi mbili tu zenye maana, yaani kuugundua ugonjwa mapema na kisha kujua kama hasara imesimama au inaendelea, na hiyo ya pili haiwezekani kwa kipimo cha siku moja, hata kama mashine ilifunguliwa kwenye boksi lake jana.

Presha yenyewe hupimwa kwa kifaa kinachopuliza hewa au kwa kile kinachogusa jicho lililotiwa matone ya ganzi. Kiwango cha milimita 10 hadi 21 za zebaki huhesabiwa kuwa cha kawaida, lakini wapo wenye presha ya kawaida ambao mshipa wao unaharibika, na wapo wenye presha ya juu kidogo wasiopata madhara yoyote. Tena konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, ikiwa nyembamba, kifaa husoma presha ndogo kuliko iliyomo. Kwa hiyo omba unene wa konea upimwe. Ni kazi ya dakika chache na kwa wengi hutosha kufanywa mara moja. Presha hupanda na kushuka ndani ya siku, kwa hiyo kando ya namba mimi huandika pia saa niliyopimwa.

Baada ya hapo ndipo linapokuja jina ambalo watu hulitaja kwa heshima kubwa, yaani OCT. Teknolojia hii, iliyotangazwa nchini Marekani mwaka 1991, hutumia mwanga kupiga picha ya tabaka za retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, bila kugusa jicho na bila mionzi ya eksirei, na unene wa tabaka la nyuzi za fahamu husomwa kwa maikroni, yaani sehemu za elfu za milimita. Mashine hulinganisha unene huo na vipimo vya watu wenye afya vilivyohifadhiwa kwenye kanzidata ya mtengenezaji, kisha hukupa rangi: kijani, njano au nyekundu. Rangi hizo huwatisha watu kupita kiasi, na wengine huwafariji kupita kiasi. Mtu mwenye jicho refu, yaani asiyeona mbali bila miwani ya namba kubwa, anaweza kupewa nyekundu bila kuwa na glaukoma, na picha iliyopigwa kwenye jicho kavu au lenye mtoto wa jicho inaweza kuonyesha wembamba usiokuwapo. Kwenye karatasi ya majibu huandikwa alama ya ubora wa picha. Ikiwa ni ndogo, omba kwa adabu picha irudiwe kabla hujaondoka.

Jambo ambalo sikulisikia kwa mhudumu yeyote wa mapokezi, na ambalo kwa maoni yangu lingepaswa kubandikwa ukutani, ni kwamba namba za OCT ya mtengenezaji mmoja hazilinganishwi moja kwa moja na za mtengenezaji mwingine. Mgonjwa anayepima leo kituo hiki na mwakani kituo kile, kwa kufuata mashine mpya zaidi, anajikuta na picha mbili nzuri zisizoweza kusema lolote kuhusu kilichotokea katikati. Chagua kituo kimoja, hata kama mashine yake si ya mwaka huu, na ubaki nacho. Dai karatasi zako pia. Kliniki moja niliyowahi kupimwa ilinipa sentensi moja tu, kwamba majibu ni mazuri, na ilinibidi nisisitize mpaka nikachapishiwa.

OCT ina mpaka mwingine. Ugonjwa ukishakuwa mkubwa, tabaka lile hufikia wembamba ambao mashine haiwezi tena kuonyesha kwamba linaendelea kupungua, hivyo majibu yakabaki yaleyale mwaka hadi mwaka ilhali mgonjwa anaendelea kupoteza uoni. Hapo tegemeo kubwa ni kipimo cha eneo la kuona, ambacho wagonjwa wengi hukichukia, mimi nikiwa mmoja wao. Unaegemeza kidevu, jicho moja limefunikwa, unakodolea nukta ya katikati, na kila unapoona kimwanga popote pembeni unabonyeza kitufe. Vimwanga vinafifia hadi unaanza kujiuliza kama umeviona au umeviota. Huo ndio mpango wa mashine yenyewe: inatafuta mpaka wa uwezo wako, kwa hiyo ni lazima ikuonyeshe vingi usivyoweza kuviona, na kutokuviona si kufeli mtihani.

Ushauri wangu juu ya kipimo hiki ni mrefu kuliko juu ya vingine kwa sababu hiki humtegemea mgonjwa mwenyewe. Nenda ukiwa umelala vizuri na umekula. Rekebisha kiti na kidevu kabla ya kuanza, maana shingo ikiuma katikati utaharibu kila kitu. Pepesa macho kama kawaida. Usibonyeze kwa kubahatisha ili matokeo yapendeze, kwani mashine huhesabu mibonyezo isiyo na mwanga na daktari ataiona, na kibaya zaidi ni kwamba pengo la kweli linaweza kufichwa. Ukichoka, shikilia kitufe bila kukiachia. Katika mashine nyingi kipimo husimama mpaka utakapokiachia. Kipimo cha kwanza aghalabu hutoka vibaya kwa sababu mtu bado anajifunza, basi usikubali uamuzi mzito ujengwe juu yake peke yake, wala usikasirike ukiambiwa urudie.

Kuhusu tiba, ambayo kazi yake ni kushusha presha, matone ndiyo yanayojulikana zaidi, na yanafanya kazi kwa anayeyatia kila siku bila kukosa. Mwenye pumu amwambie daktari mapema, kwa sababu timolol, dawa ya bei nafuu inayotolewa sana, inaweza kumbana kifua vibaya. Kuna pia leza ya SLT, ambayo watu huiogopa kwa kudhani kwamba itachoma jicho. Hutiwa ganzi ya matone, daktari huweka lenzi maalumu juu ya jicho, unaona mimweko ya mwanga kwa dakika chache, kisha unasubiri presha ipimwe tena kabla ya kwenda nyumbani. Leza hiyo hupungukiwa na nguvu baada ya miaka na inaweza kurudiwa.

Ushahidi wake haukutoka Ulaya peke yake. Utafiti uliofanywa katika hospitali ya KCMC, Moshi, na kuchapishwa mwaka 2021 uliwagawa wagonjwa wa glaukoma kati ya leza hiyo na matone ya timolol. Baada ya mwaka mmoja tiba ilikuwa imefanikiwa kwa asilimia 61 ya macho yaliyopigwa leza, dhidi ya asilimia 31 ya yale yaliyotiwa matone. Ukiambiwa leza inapatikana mahali unapotibiwa, uliza gharama yake kwa ukamilifu kisha uilinganishe na gharama ya matone ya miaka kadhaa, pamoja na nauli za kuyafuata. Mimi nilipofanya hesabu hiyo niliacha kuiona leza kuwa ni anasa. Lakini leza haimwondolei mtu kliniki, kwa sababu presha inaweza kupanda tena kimyakimya, na wengine bado huhitaji matone baada yake.

Niseme pia neno kuhusu mtoto wa jicho, kwa kuwa shangazi yangu aliahirisha upasuaji muda mrefu akisubiri mahali ambapo, kwa maneno yake, wanautoa kwa leza. Upasuaji wa kisasa uliozoeleka huuvunja kwa mawimbi ya sauti kupitia tundu la milimita 3 hivi, na ule wa mkono, wenye tundu kubwa zaidi lakini nao usioshonwa, hutoa matokeo mazuri sana kwa daktari aliyeuzoea, tena kwa bei ndogo. Swali lenye uzito zaidi kuliko aina ya mashine ni kama jicho limepimwa urefu wake ili kuchagua nguvu ya lenzi itakayopandikizwa, maana kosa hapo humwacha mtu na miwani mizito aliyodhani ameiaga.

Mwisho ni kuhusu familia. Ukiwa na glaukoma, kaka zako, dada zako na watoto wako wakubwa wako katika hatari zaidi kuliko watu wengine, na watu wenye asili ya Afrika huupata mapema na kwa ukali zaidi. Hawana haja ya kuanza na OCT. Presha ipimwe, mboni zitanuliwe kwa matone, na daktari autazame mshipa wa fahamu kwa darubini yake. Kipimo kikubwa kifuate pale atakapoona sababu. Waende na mtu wa kuwarudisha, kwa sababu matone hayo hutia ukungu kwa saa kadhaa na hairuhusiwi kuendesha gari wala bodaboda.