Pakiti ina nembo ya kosheri, kwa nini bibi amekataa kula?

SWALI: Kaka, salaam. Ninamtunza bibi mmoja wa Kiyahudi hapa Baltimore, naishi naye nyumbani kwake. Usiku ule Pasaka yao ilipoisha alinipa fedha nikanunue mkate na biskuti. Nikaenda duka la karibu, nikachagua vyenye nembo ya kosheri, yaani chakula kinachoruhusiwa kwa sheria ya Kiyahudi, pakiti zimefungwa vizuri. Aliposikia jina la duka akakataa kula. Nikamwambia basi nitamrudishia fedha yake, viwe vyangu, nami nimpe zawadi. Akasema haisaidii. Hata ndege wa nje hakutaka niwarushie. Nimekosea wapi? Na chapati zangu zilizokaa kwenye friji ya chumbani kwangu siku zote hizo, nazo haziruhusiwi kwake?

JIBU: Dada yangu, nembo umeisoma sawasawa. Inaeleza kilichomo ndani ya pakiti na jinsi kilivyotengenezwa. Bibi alikuwa anauliza jambo ambalo haliandikwi kwenye pakiti: siku za Pasaka, chakula hiki kilikuwa mali ya nani?

Mimi ndiye ninayenunua vyakula vya jiko la kosheri katika nyumba ya wazee, New Jersey. Si rabi, yaani mwalimu wa sheria za Kiyahudi. Ninayokueleza nimejifunza kwa rabi msimamizi anayekagua risiti zangu, na wiki za baada ya Pasaka ndizo anazozikagua kwa makini kuliko zote.

Anza na neno lenyewe, hametsi. Ni chakula chochote cha nafaka hizi, ngano, shayiri, oti, rai au spelti, kilichopata maji kikaachwa kikaumuka. Matsa, ule mkate mkavu wa Pasaka, ni unga na maji tu, na unga ukishakutana na maji ukaachwa bila kushughulikiwa kwa dakika 18 huhesabiwa umeingia chachu. Kwa siku za Pasaka, Torati haikukataza kula hametsi tu. Imekataza pia Myahudi kuwa nayo, isionekane wala isikutwe kwake, siku saba kwa walio Israel. Walio nje, kama bibi yako, hushika nane. Ndiyo maana uliona nyumba ikipekuliwa hadi mifuko ya makoti.

Sasa, mtu akivunja amri hiyo, akaacha biskuti zake kabatini hadi Pasaka ikapita, je, azile? Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, inajibu waziwazi: hametsi iliyopitiwa na Pasaka mikononi mwa asiye Myahudi inaruhusiwa, iliyopitiwa mikononi mwa Myahudi hairuhusiwi hata kunufaika nayo. Sheria iliyokubalika inafuata maoni ya Rabi Shimon katika Talmudi, kitabu cha mijadala ya marabi juu ya Mishna, kwamba hii ni adhabu waliyoiweka marabi ili asiwepo wa kuvuta siku nane akisema nitakula baadaye. Nayo ni kali: hata aliyesahau inamhusu. Kuuza ni kunufaika, kumpa rafiki ni kunufaika, kulisha mnyama ni kunufaika. Ndege wale walikosa mkate kwa sababu hiyo.

Zawadi yako haikusaidia kwa kuwa adhabu imeshikamana na chakula, haimfuati mnunuzi. Mwenye duka akiwa Myahudi ambaye hakuuza hametsi yake kabla ya Pasaka, biskuti ile inabaki vilevile hata ipite mikono kumi. Lakini ungeinunua pakiti hiyohiyo, duka hilohilo, siku moja kabla ya Pasaka, ukaiweka chumbani kwako kama mali yako, leo isingekuwa na tatizo hilo. Hapo ndipo watu wengi wanapotea, maana tumezoea kufikiri chakula huharamishwa na kilichomo ndani yake.

Nimesema “hakuuza”, na kuuza huku ni kwa kweli. Katika Tosefta, mkusanyo mwingine wa kale unaoandamana na Mishna, kuna habari ya Myahudi na asiye Myahudi waliokuwa safarini merikebuni Pasaka ikiwakaribia, na Myahudi ana hametsi. Amuuzie mwenzake au ampe kabisa, bila masharti, kisha anaweza kuinunua tena baada ya sikukuu. Leo familia na wenye maduka humpa rabi uwakala, naye huandika mkataba na mnunuzi asiye Myahudi, anayetoa malipo ya awali na kuwa mwenye mali kihalali. Huko Israel, hametsi ya serikali yenyewe imekuwa ikinunuliwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 na Hussein Jaber, Mwarabu wa Abu Ghosh karibu na Jerusalem. Kwa hiyo katika duka la Myahudi aliyeuza namna hii ni halali kununua. Marabi wanatofautiana juu ya mwenye duka aliyesaini mkataba kisha akaendelea kuuza mikate siku za Pasaka: Moshe Feinstein wa New York aliuhesabu uuzaji huo kuwa umesimama, wengine wanakataa. Bibi anamfuata rabi wake. Usimbishie.

Kujua mwenye duka pekee hakutoshi. Mwaka mmoja niliagiza makaroni, katoni 14, siku mbili baada ya Pasaka, kutoka duka la mtu asiye Myahudi. Nilijiona nimemaliza kazi. Rabi akaniuliza duka limezitoa wapi. Kumbe muuzaji wao wa jumla alikuwa Myahudi, hakuuza chochote, na katoni zilikaa siku nane zote kwenye ghala lake. Wazee walikula wali wiki ile, na tangu hapo nauliza habari za ghala kabla ya kuuliza bei.

Wewe huna haja ya kupiga simu maghalani. Mashirika ya usimamizi wa kosheri, kama Star-K hapo hapo Baltimore, hutoa kila mwaka orodha ya maduka: hili nunua mara tu sikukuu inapoisha, lile ngoja mpaka tarehe fulani. Tarehe hiyo inatokana na mzunguko wa bidhaa. Mikate huisha rafuni kwa siku chache, biskuti huchukua wiki, wiski yaweza kukaa miezi. Mwombe bibi orodha anayoifuata, uibandike kwenye friji.

Na si kila kitu kimo humu. Mkate, keki, biskuti, tambi, bia, wiski ya nafaka, hivyo ndivyo vya kuangalia. Mchele, maharage na unga wa sembe havihusiki, ingawa Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya mashariki hawavili wakati wa Pasaka. Ikiisha, nunua popote. Unga mkavu wa ngano uulizie, desturi zinatofautiana.

Chapati zako ni mali yako na wewe si Myahudi, basi adhabu hii haizigusi. Wayahudi wa Morocco wana sherehe iitwayo Mimuna, usiku uleule Pasaka inapokwisha, na kwa miaka mingi majirani zao Waislamu ndio waliowaletea unga, siagi na asali ya kupikia mufleta, chapati nyembamba za usiku huo. Ila usimpakulie bibi zako bado: kikaangio chako na mkono uliopika vina sheria zao nyingine za kosheri.

Ule mkate na biskuti ulizileta kwa fedha yake. Usizitupe, usizirudishe dukani, wala usizile kabla hajampigia rabi wake, na risiti yenye saa ya kununua iwe karibu, maana ataiulizia.