Maswali ya Wasomaji: Babu Mjerumani Asiyeonekana Ellis Island

SWALI: Nimeolewa Minnesota. Baba mkwe husimulia kwamba babu yake, Friedrich Snyder, alitoka Ujerumani mwaka 1884 pamoja na kaka zake wawili, wakashukia Ellis Island, na afisa wa pale akamgeuzia jina lake la Schneider. Nimemtafuta Snyder kwenye orodha za Ellis Island, hayumo. Wanangu wanataka kujua kijiji alichotoka. Nianzie wapi? – Mama Neema, St. Paul

JIBU: Mama Neema, masimulizi hayo usiyatupe, ila Ellis Island iondoe. Kituo kile cha kupokelea wahamiaji bandarini New York kilifunguliwa 1 Januari 1892. Waliofika New York mwaka 1884 walipokelewa Castle Garden, ncha ya kusini ya Manhattan. Hiyo ya afisa kugeuza jina nayo husimuliwa na familia nyingi mno. Orodha ya abiria ilitoka melini ikiwa imeshaandikwa, na maafisa wa bandarini waliipokea ilivyo. Majina yaligeuka baadaye, kazini, shuleni au kwa karani wa sensa. Kwa hiyo melini mtafute Schneider.

Lakini usianze na meli. Akina Schneider ni wengi kupindukia, na orodha za New York za miaka ile mara nyingi hutaja nchi tu. Anza na karatasi za Marekani. Sensa ya 1900 ina safu ya mwaka wa kuingia nchini, na pembeni yake herufi mbili: Na ni aliyekwisha kupata uraia, Pa ameomba tu, Al bado ni mgeni. Ya 1890 usiihangaikie, iliharibiwa karibu yote kwa moto wa 1921. Hati za uraia za kabla ya 27 Septemba 1906 nazo zinakatisha tamaa: nyingi husema tu kwamba mtu ameukana utii kwa Kaisari wa Ujerumani.

Kijiji mara nyingi hupatikana kanisani. Wachungaji wa Kilutheri na mapadre waliohudumia Wajerumani waliandika alikozaliwa mtu katika kumbukumbu za ndoa na maziko. Tafuta pia tanzia katika magazeti ya Kijerumani ya jimbo lenu. Na wafuatilie wale kaka wawili kwa bidii ileile, maana kijiji kinaweza kuwa kimeandikwa kwenye maziko ya mmoja wao.

Ukishapata umri wa wote watatu, rudi kwenye meli. Ndugu watatu ambao umri wao melini unalingana na ule wa karatasi za Marekani, hata ukipishana mwaka mmoja au miwili, ni ushahidi mzito kuliko jina. Andika Sch*r (nyota husimama badala ya herufi zozote) ili kunasa makosa ya tahajia, na ujaribu Fritz na Johann Friedrich, kwa kuwa wavulana wengi walibatizwa Johann na kuitwa kwa jina la pili.

Bandari ya kuondokea ndiyo huamua bahati yako. Orodha za Hamburg zimehifadhiwa kuanzia 1850 hadi 1934, na hutaja makazi ya abiria. Angalia za safari za moja kwa moja na pia za waliopitia Uingereza. Hizi za pili hutaja meli ya kwenda Hull, bandari ya Uingereza, si ile iliyovuka Atlantiki, na watu wengi hudhani wamekosea meli. Kama alipandia Bremen, pole. Wakuu wa bandari walikuwa wakiziteketeza orodha za zamani kwa kukosa nafasi, vita vikamaliza nyingine, na zilizosalia ni za 1920 hadi 1939.

SWALI: Nimepata kijiji: “Neustadt, Prussia”. Sasa nini? – Msomaji, Hamilton, Kanada

JIBU: Akina Neustadt ni wengi. Fungua kamusi ya mahali ya Meyers ya 1912, iko bure mtandaoni, uorodheshe wote wa Prussia, dola kubwa ya Ujerumani ya zamani, pamoja na parokia zao, kisha uwapunguze kwa dhehebu. Vitabu vya kanisa vya Kikatoliki vitafute kwenye tovuti ya Matricula, bure. Vya Kiprotestanti kwenye tovuti ya Archion, kwa malipo. Usajili wa serikali Prussia ulianza Oktoba 1874 (sehemu za magharibi ulikuwapo mapema zaidi), hivyo aliyezaliwa kabla ya hapo mtafute kanisani. Kama kijiji kilikuwa Pomerania au Silesia, mikoa ya mashariki ya Prussia, huenda leo kiko Poland, kwa jina la Kipolandi.