Barua kwa mwanangu: elektroni ina mahali au haina?

Mwanangu Neema,

Salamu nyingi, sisi huku hatujambo. Umeniuliza kama elektroni ina mahali na mwendo wake kamili ila sisi tu hatuvijui, au haina kabisa. Unasema mhadhiri amewaambia kuwa tatizo ni kupima: ukiigusa, unaivuruga.

Hilo la kuvuruga alianza nalo mwanafizikia Heisenberg mwenyewe, mwenye kanuni hii ya kutokuwa na uhakika, mwaka 1927, alipowazia hadubini ya miale ya gama inayoisukuma elektroni kila inapoimulika. Lakini hesabu aliyoithibitisha mwanafizikia mwenzake Kennard mwaka uleule haihitaji msukumo wowote. Andaa elektroni nyingi kwa namna moja. Kundi moja lipime mahali, kundi jingine momenta (tungamo mara kasi). Zidisha mtawanyiko wa majibu haya kwa wa yale: jawabu halishuki chini ya kiwango kinachotokana na namba ya Planck, ile namba isiyobadilika ya fizikia ya vitu vidogo. Hakuna elektroni iliyopimwa mara mbili, sasa nani kamvuruga nani? Elektroni huelezwa kwa wimbi, na ndivyo mawimbi yalivyo. Zumari likipulizwa kwa pumzi ndefu hutoa sauti moja safi. Kofi la ghafla halina sauti moja.

Wala kiwango hicho si kidogo kwa elektroni. Ibane ndani ya upana wa atomu, kasi yake itatawanyika kwa mamia ya kilomita kwa sekunde.

Hesabu hiyo kambi zote za wanafizikia wanaobishania maana yake zinaikubali, kwa hiyo haiwezi kuwaamua. Kwa Bohr, kutaja mahali bila kutaja chombo cha kupimia hakuna maana. Kwa Everett (1957) kilichopo ni wimbi tu. Bohm (1952) ndiye anayekujibu "ndiyo": elektroni ina mahali kamili kila saa, wimbi linaiongoza, sisi ndio tusiojua, na kikomo kinabaki kilekile. Basi akitokea wa kukuambia Heisenberg alithibitisha kwamba elektroni haina mahali, mkatalie.

Ila mwanangu, "ndiyo" ya Bohm ina gharama, na mimi hapo ndipo ninaposita. Kwake, elektroni ya haidrojeni iliyo katika hali ya chini kabisa ya nishati imetulia tuli. Ipime momenta, utapata majibu yaliyotawanyika vilevile, kwa sababu mwendo huo umezaliwa wakati wa kupima. Einstein alimpinga kwa mfano wa namna hiyo, wa chembe iliyofungiwa kati ya kuta mbili. Ufanyie hesabu mfano huo kwanza, kisha uniandikie umeona nini.

Mama yako